Nani anakaa na mtoto kuanzia mchana hadi saa moja usiku?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, hapo hujagusa saa za ziada. Mzazi anayeingia ofisini Posta saa mbili asubuhi anatoka saa kumi na moja jioni, na kama anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, kuingia nyumbani saa moja usiku ni siku ambayo foleni imemhurumia. Mtoto wake wa darasa la tatu ametoka shule mchana. Katikati kuna saa nne au tano ambazo kila familia ya Dar es Salaam inazijaza inavyojua: dada wa kazi, tuisheni, madrasa, bibi, jirani mwenye genge, au ufunguo kwenye kamba shingoni mwa mtoto.

Ubishi mkali huwa kati ya hizo mbili za mwanzo, na kwa kawaida unabishwa vibaya. Anayetetea dada anazungumzia usalama na chakula, anayetetea tuisheni anazungumzia masomo na mitihani. Hawajibizani, kila mmoja anapima kwa kipimo chake.

Tuanze na dada. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto anarudi kwao. Anavua sare, anakula wali maharage uliobaki, anaoga, analala kama amechoka. Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, ambaye hutoka mapema kuliko wakubwa, hili ni jambo zito, maana mtoto wa miaka saba aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hana nguvu za kukaa kwenye benchi tena. Hesabu ya fedha nayo inabadilika kufuatana na idadi ya watoto. Chukulia tuisheni ni shilingi 500 kwa siku: mtoto mmoja ni kama shilingi 10,000 kwa mwezi, watatu ni 30,000. Dada anawalea wote watatu kwa mshahara uleule. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa anayelala kwake, na wengi tunajua nyumba ambazo hata hiyo 60,000 haifiki.

Hapo ndipo hoja ya dada inapoanza kuyumba. Msichana aliyetolewa Singida au Iringa kwa mshahara mdogo mara nyingi ni binti mdogo, amemzidi kifunguamimba wa nyumba miaka michache tu. Ana mtoto mchanga mgongoni, ndoo za nguo uani na sufuria jikoni. Tunasema "mtoto anakaa na dada", lakini ukipita nyumbani saa tisa mchana utakuta dada anafua na mtoto hayupo, yuko mtaa wa pili anacheza mpira au anaangalia katuni kwa jirani. Mtoto wa darasa la sita ndiyo kabisa. Dada hana amri juu yake, anamwambia arudi ndani, anajibiwa "wewe si mama". Halafu siku moja dada anaaga kwenda kumsalimia mama yake, simu inazimwa, na Jumatatu asubuhi familia nzima imekwama.

Sasa tuisheni. Wanaoishambulia husema inamnyima mtoto mchezo, na kwamba mwalimu makini angemaliza mada zake darasani. Hoja zote mbili ni za kweli. Pia kuna kero ya michango: mtoto asiye na hela ya tuisheni anatazamwa kwa jicho lingine na mwalimu yuleyule anayemfundisha asubuhi, jambo linalouma hasa tangu michango ya lazima ifutwe shule za msingi za serikali mwaka 2016. Watetezi nao wanataja upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba, na wanataja ukweli kwamba darasa lenye watoto zaidi ya 100 halimpi mwalimu nafasi ya kusahihisha daftari la kila mmoja. Na wao wana hoja.

Lakini mimi naona pande zote mbili zinakwepa jambo moja. Kwa wazazi wengi wa mjini, tuisheni ya jioni ni malezi yanayolipiwa kwa jina la masomo. Mwulize mama anayempeleka mtoto wa darasa la pili, asiye na mtihani wowote karibu, kwa nini anampeleka. Jibu la kweli ni kwamba mtoto hatazurura hadi saa kumi na mbili. Hakuna aibu katika jibu hilo. Tatizo ni kwamba kwa kuwa tumeiita masomo, tunaikagua kama masomo: tunatazama daftari lina vema ngapi, tunauliza kama mwalimu anajua hesabu. Hatuulizi choo kiko wapi, mtoto anakula nini kati ya saa nane na saa kumi na moja, nani mwingine anaishi kwenye ile nyumba ambayo sebule yake imegeuzwa darasa, na kama mtoto hakutokea leo, ni nani atampigia mzazi simu.

Swali hilo la mwisho naliona zito kuliko yote. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, wakisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao walisema ulitokea kwenye nyumba ya mtu, na wengine njiani kwenda au kutoka shule. Takwimu hizo hazimpi ushindi mtetezi wa dada wala wa tuisheni. Zinasema nyumba si salama kwa sababu tu ni nyumba, na safari fupi kati ya shule na tuisheni nayo inahesabika. Mahali pazuri ni pale ambapo watu wazima zaidi ya mmoja wanamwona mtoto, na kuchelewa kwake kwa nusu saa kunamshtua mtu.

Kwa kipimo hicho madrasa ya mtaani mara nyingi inafanya vizuri kuliko tunavyoipa sifa. Ustadhi anajulikana, msikiti una watu wanaoingia na kutoka, gharama ni ndogo, na watoto huenda na kurudi kwa kundi. Udhaifu wake ni fimbo, ambayo baadhi ya maustadhi bado wanaiona ndiyo elimu yenyewe, na mzazi aseme mapema kama haitaki. Bibi naye ni hazina, ila bibi wa leo wa Dar ana genge lake la nyanya na anatafuta riziki kama wewe.

Kuhusu serikali, kuna jambo la kulaumu na la kusifu kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo unahitaji malezi ya wazazi. Ni hoja sahihi. Sehemu ya wazazi waliopeleka watoto wa miaka sita bweni walifanya hivyo kwa sababu nyumbani mchana hapakuwa na mtu, na katazo halikuleta mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinaweka utaratibu wa kusajili na kukagua vituo vya kulelea watoto mchana, lakini vituo hivyo vimefikiriwa kwa watoto ambao hawajaanza shule. Mtoto akishavaa sare ya darasa la kwanza, ni kama amekuwa mkubwa. Chumba kinachopokea watoto 40 wa tuisheni kila jioni hakimsumbui afisa ustawi wa jamii, ilhali kingepokea watoto 10 wa miaka mitatu kingetakiwa kuwa na kibali.

Kwa hiyo ningechagua vipi? Kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu ningebaki na mtu mzima nyumbani, hata kama ni kwa kuchangiana dada na jirani wa upande wa pili wa ukuta, huku kila mmoja akitoa nusu ya mshahara wa heshima, kwa mtu mwenye umri wa kutosha ambaye kazi yake ya mchana ni watoto na nguo zinasubiri. Kuanzia darasa la nne tuisheni inaanza kuwa na maana, kwa siku mbili tatu za wiki, na ningeitaka ifanyikie shuleni kwao kuliko nyumbani kwa mtu, maana shuleni kuna mlinzi, kuna walimu wengine, na hakuna safari ya pili. Mwalimu akikataa kuweka orodha ya mahudhurio na namba za simu za wazazi, ningetafuta mwingine, hata akiwa bingwa wa hesabu.

Kuna mtego mmoja ambao mpango wowote unapaswa kupimwa nao kabla ya kulipa hata shilingi. Desemba shule zinafungwa, walimu wa tuisheni wanasafiri, na dada anaomba ruhusa ya kwenda kula Krismasi kwao, vyote ndani ya wiki moja, wakati likizo yako ya mwaka uliimaliza Agosti kwenye msiba. Muulize dada habari za Desemba siku anapoanza kazi, na weka nauli yake ya kwenda na kurudi kwenye bajeti kuanzia Januari.