Kuuza gari mwenyewe au kulipeleka yadi: zile milioni mbili zinakwenda wapi?

Mtumishi anayetaka kubadilisha gari hapa Dodoma hupewa ushauri mmoja tu, awe ameuliza ofisini Mtumba au kijiweni Area C: usipeleke yadi ya magari, watakupunja, uza mwenyewe. Una ukweli ndani yake, na nitaufikia. Ila umerudiwa mpaka hakuna anayekaa chini kuupigia hesabu, na watu wa yadi wamebaki na jina la wezi kwa kosa ambalo mara nyingi si lao. Kosa lao lipo, lakini liko kwingine, na karibu hakuna anayewauliza.

Biashara yenyewe inajulikana. Unapeleka gari lako la zamani, wanalipigia bei, unachagua jingine palepale, unalipa tofauti. Kutopapu, kama wanavyosema. Ukiamua kuuza mwenyewe unapiga picha asubuhi jua likiwa chini, unarusha kwenye magrupu na statasi, unaandika "haidaiwi, AC inapuliza, nunua washa ondoka, maongezi yapo", kisha unakaa na simu.

Tuchukue mfano wa Toyota IST namba D (herufi za usajili wake zinaanza na D) ambayo mtu wa mtaani angeilipia milioni 12. Yadi wanakutajia milioni 10. Tarakimu zitabadilika kwa gari na kwa msimu, lakini pengo la namna hii ndilo watu wanalolililia. Ninachouliza ni kama hizo milioni mbili, ukiuza mwenyewe, zinakuingia mfukoni zote.

Kwanza yupo dalali. Dodoma ni nadra mtu kuuza mwenyewe kwa maana kamili ya neno hilo. Tangazo lako likishatoka, picha zilezile zinaonekana kwingine zikiwa na bei ya kwao, cha juu kimeshapachikwa. Mteja anayekuja Jumamosi Ilazo kuliona gari amefuatana na watu wawili. Mmoja ni fundi wake. Wa pili humjui ni nani mpaka dakika ya mwisho anapokuvuta pembeni: "Sasa kaka, mimi unaniachaje?"

Fundi naye ana kazi yake. Anafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, anaweka kiganja juu ya tundu kusikiliza kama inapumua, anapitisha kidole kwenye kingo za milango kutafuta rangi iliyorudiwa, kisha analala chini kwenye vumbi bila kujali shati. Hapo chini gari la Dodoma lina heshima yake, maana ukavu wa huku hauli bati kama unyevu wa chumvi wa pwani, na fundi mwenye macho anaujua uzuri huo. Hatausema. Atasema bushi zimechoka, shokapu ya kushoto inavuja, na matairi haya utayabadilisha kabla ya mvua. Kila neno lina bei, na bei hiyo inatoka kwenye milioni 12 zako.

Nawatendea haki wanaotetea kuuza mwenyewe: kuna sababu nzito ya kutoachia hela kirahisi, nayo ni kodi. Gari linaloagizwa kutoka nje hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu (la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15). Gari lililokwisha kulipiwa yote hayo limebeba thamani ambayo haifutiki haraka, ndiyo maana IST ya mwaka 2004 bado inaombewa bei ambayo mgeni akiitajiwa anadhani hakusikia vizuri. Hicho unachoiachia yadi ni hela halali.

Lakini thamani ni kitu kimoja na mnunuzi ni kitu kingine. Dar mnunuzi yupo wakati wote. Huku wanakuja kwa misimu: Bunge la bajeti likiwa limekaa, Aprili hadi Juni, mji unajaa, wafanyabiashara wa alizeti wa Singida na Kondoa wakishauza mzigo, simu zinaita. Nje ya hapo gari linaweza kukaa wiki na wiki. Na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, mnunuzi wa Dodoma ana silaha mpya ya kukushushia bei. Anapanda asubuhi, anatembelea yadi za Dar, anarudi na gari analiendesha mwenyewe. Ukikaza kwenye milioni 12 atakwambia, bila ubaya, "Mkuu, kwa hiyo hela si nashuka Dar tu?"

Wakati huo unahitaji gari la kwendea kazini, kwa hiyo unaendelea kulitumia hilohilo unaloliuza, linaongeza kilomita na mikwaruzo. Au umeshanunua jipya na mawili yako uani, moja likifunikwa na vumbi, betri ikifa taratibu.

Hayo yote bado ni madogo. Kinachonifanya niwatetee watu wa yadi, na kinachonifanya niwakasirikie, ni kadi ya gari, ile yenye jina la mmiliki.

Anayenunua gari mtaani hupenda kuishia kwenye mkataba. Mnakwenda kwa wakili, mnasaini, muhuri unagongwa, hela inahamia benki, anakabidhiwa kadi yenye jina lako na anaondoka. Kuhamisha umiliki TRA anakuachia ahadi: mwezi ujao, nikipata mshahara, nikirudi safari. Kuna ada ya uhamisho, kuna ya kadi mpya, kuna ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani, na haoni haraka ya kulipa kwa sababu gari linatembea vizuri tu bila hayo. Kwenye mfumo, gari bado ni lako.

Hapo ndipo shida inapoanza kuhesabika. Faini ya trafiki ya shilingi 30,000 kwa kosa inaandikwa kwenye namba ya gari, na ushuru wa maegesho usiolipwa unajikusanya kwenye namba hiyohiyo. Hizo atazilipa siku akibanwa. Gari likigonga mtu njia ya Babati usiku na dereva akakimbia, au likikamatwa na mirungi, askari wanaanza na jina waliloliona kwenye mfumo. Utatoa mkataba wako, na huenda utaaminiwa, lakini utautoa ukiwa umeitwa kituoni wilaya ambayo huna shughuli nayo, siku ya kazi, na nauli ni yako. Na kama huo mkataba uliuweka kwenye droo ya nyumba ya kupanga uliyokwishahama, hata huo huna.

Mnunuzi wako naye huuza. Wa pili anamuuzia wa tatu, mkataba juu ya mkataba, kadi ileile. Miaka inapita, kisha inaingia simu ya namba usiyoijua: "Shikamoo mzee, mimi ndiye ninayo ile gari yako." Yake, ila yako. Anataka TIN yako, kitambulisho cha NIDA na sahihi, maana mtu wa katikati hapatikani. Muungwana atasaidia. Lakini anasaini kumpa nani, na huyo aliipataje? Watu wengi waliouza magari wakati wa pilika za kuhamia makao makuu wako kwenye hali hii na wala hawajui, kwa sababu simu bado haijaingia.

Sasa rudi yadi. Yadi ina eneo, ina leseni ya biashara, ina TIN inayotumika kila siku, na kesho ukiifuata utaikuta palepale barabarani. Hakuna mnunuzi aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kuitoa kadi kwenye jina lako ndani ya siku chache. Yadi ikifanya hivyo, nasema wazi kwamba milioni zake mbili imezifanyia kazi: imekuondolea dalali, fundi, kusubiri, hofu ya meseji feki ya benki, na jina lako limetoka.

Tatizo ni kwamba nyingi hazifanyi. Kuhamishia kadi kwenye jina la yadi na baadaye kwa mteja ni kulipa gharama mara mbili, kwa hiyo kadi inalala kwenye faili ikiwa na jina lako mpaka mteja wa mwisho apatikane, na huyo mteja ni yuleyule wa mtaani mwenye ahadi ya mwezi ujao. Yadi ya namna hii imekulipa bei ya jumla na kukuachia hatari ya rejareja. Huyo ndiye wa kumwita mpunjaji, na si kwa sababu ya milioni 10.

Ujanja wa bei ni jambo dogo na dawa yake ni rahisi. Yadi inaweza kulipandisha gari lako hadi milioni 11 na nusu ukafurahi, huku limepandishwa pia lile unalolitaka. Ulizia kwanza bei ya lao kwa taslimu, kama mtu asiye na gari, ndipo utaje lako. Kinachotoka mfukoni mwako ni tofauti tu. Na wale wanaokuomba uliache gari hapo liuzwe mali kauli, ulipwe likiuzwa, sioni wanachokupa zaidi ya maegesho.

Nani auze mwenyewe? Mwenye mnunuzi anayemjua: jirani, mfanyakazi mwenzake aliyelipanda gari hilo na kuona likihudumiwa, shemeji aliyekwishasema nikumbuke. Hapo dalali hayupo, fundi hana la kubuni, na mnaweza kwenda TRA pamoja kabla hela haijakamilika. Asiyetaka gari jingine pia, anayeweza kungoja mpaka Bunge lianze.

Wengine waende yadi, ila mkataba uandikwe tarehe ya kadi kuhama, si "baada ya kupata mteja". Wakilalamikia gharama, kwenye gari la milioni 10 stempu ni laki moja, mnaweza kugawana. Yadi inayokataa hata hilo ipandishe bei ikaribie 12, maana kazi ya kuikimbiza kadi imekurudishia wewe.