Mfalme Aliyetaka Msiba Wake Angali Hai

Wiki iliyopita nimeirudia filamu ya Coming 2 America, ile iliyotoka Machi 2021. Mara ya kwanza niliitazama nikacheka, basi. Safari hii imenigusa penyewe.

Ile ya mwanzo ni ya 1988. Sisi Morogoro tuliiona banda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, anapiga deki mgahawani Queens, New York, kwa hiari yake, tukaamini Marekani ndiyo hiyo. Nilipofika Houston nilipiga deki kweli, ila si kwa hiari.

Katika ya pili, wale wazee wa saluni ya kinyozi wako vilevile, kwa sababu tangu mwanzo walikuwa waigizaji Eddie Murphy na Arsenio Hall waliopakwa uzee. Waliozeeka ni waigizaji wenyewe. Madge Sinclair, aliyekuwa malkia, alifariki 1995. Na James Earl Jones, aliyetimiza miaka 90 mwaka ule, anaigiza mfalme anayejua siku zake zimekwisha, akaagiza msiba wake ufanywe sasa hivi, aushuhudie. Morgan Freeman anaongoza shughuli, Gladys Knight anaimba, ndipo mzee anaaga. Jones mwenyewe ametutoka Septemba 2024.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Dawa zinatolewa kwa saa yake, shuka zinabadilishwa, mtu akianguka usiku kengele inalia na tunafika. Mama yangu hana hayo, na dawa yake ya presha kuna miezi inabidi itafutwe Dar. Hapo Marekani wametuzidi, siwezi kulikataa. Lakini kuna bibi mmoja, kila nikimkata kucha ananishika mkono nisiondoke, ananisimulia kuhusu marehemu mumewe. Nina vyumba vingine vinanisubiri. Baraza la mama halikauki watu: muuza mchicha anatua ungo, wanaongea hadi jua linakuwa kali.

Hata mimi huku nazeeka bila shahidi. Kazini kila mtu ananiita jina langu tu, msimamizi mwenye umri wa mwanangu na yeye hivyohivyo. Nilipokwenda likizo, vijana niliowaacha wakicheza chandimu waliniamkia wakanipisha kiti, na kwenye kikao cha harusi nikaombwa neno. Ningetaka kuzeekea pale, hata kama dawa ni ya kutafuta.

Misiba miwili ya kwetu nimeihudhuria kwa simu. Watu walimsifu baba vizuri mno, mambo ambayo sidhani kama aliwahi kuambiwa. Kwa hiyo nimewaambia ndugu zangu tumfanyie mama shughuli angali anatuona: wajukuu wote, kwaya yake, na kila mtu aseme lake mbele yake. Kaka mkubwa anasema huo ni uchuro. Dada yuko upande wangu, keshaanza kuulizia maturubai ya Desemba.