Nionyeshe skrini, mausi baki nayo

Ukitaka kupima subira ya fundi kompyuta, mpe simu amwelekeze mteja aliye Songea kurekebisha printa.

"Angalia pale chini, kulia."

"Pale wapi?"

"Pembeni ya saa."

"Saa mbona ilisimama siku nyingi, fundi."

Mazungumzo ya namna hiyo humaliza salio na heshima kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi mteja akipiga, hata kabla hajamaliza kujieleza, namtumia linki ya Google Meet na kumwomba ashee skrini. Mtu mwenye shida husimulia anachodhani, si anachokiona. Dada mmoja mwenye stationery alinihakikishia kwamba printa yake imekufa na alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya nyingine. Alipofungua skrini, orodha ilikuwa na printa mbili zenye jina lilelile, moja ikiwa imeongezewa "Copy 1" mwishoni. Kumbe wakati wa kufagia mtu alichomoa waya wa USB akaurudisha kwenye tundu jingine, Windows ikadhani imeletewa printa mpya, na kila alichokituma kikawa kinakwenda kwa ile ya zamani ambayo haipo tena. Kwa simu tungekesha.

Hadi hapo sidhani kama kuna fundi atakayenibishia. Tunapoachana njia ni kwenye mausi. Nikishaiona skrini, inanitosha. Bofya hapo, dada, shuka chini kidogo, hapohapo. Mkono ni wake, macho ni yangu.

Wenzangu wengi hawana muda huo. Wanatumia programu za kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali: AnyDesk, TeamViewer, au Quick Assist iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Wanaingia, wanarekebisha, wanatoka. Ni haraka, sikatai. Lakini mteja anabaki ameketi kando akitazama kishale kinavyokimbia chenyewe, na tatizo likirudi mwezi ujao anapiga simu tena akiwa hajui chochote zaidi ya alivyojua mwanzo. (Kwa fundi anayelipwa kila akipigiwa simu, huo ni mtaji, najua.)

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya wataalamu waliojaa ukumbini San Francisco, mtafiti wa Marekani, Douglas Engelbart, alionyesha kompyuta yenye mausi na akaongea na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, wote wawili wakitazama maandishi yaleyale kwenye skrini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mwenzake aliweza kuelekeza kwa kishale chake, ila uwezo wa kubadilisha kazi ulibaki kwa Engelbart. Hata siku hiyo ya kwanza walishaona kwamba kuonyeshwa ni kitu kimoja na kukabidhiwa ni kitu kingine.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni wezi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamepanda daraja. Sasa mtu anakupigia, sauti nzuri, anasema ni wa huduma kwa wateja, akaunti yako ina hitilafu, pakua programu fulani halafu nisomee tarakimu zinazotokea. Programu yenyewe ni halali, ni ileile anayoitumia fundi wako. Ukishamsomea, ameshaingia ndani. Sasa fikiria mteja ambaye mimi mwenyewe nimemzoesha kunisomea tarakimu hizo kila printa ikigoma. Siku mwizi akipiga, mteja huyo atashtuka kwa lipi? Kazi ya kumfundisha nitakuwa nimeshaifanya mimi, bure. Mteja aliyezoea kwamba fundi huangalia tu na kuelekeza, atashtuka mapema akisikia mtu anaomba kushika usukani.

Na kuna la pili wateja wangu wanalolijua kwa moyo: mimi sipigi kwanza. Wao ndio wananitafuta.

Kushea skrini nako kuna adabu yake. Meet na Zoom zote hukuuliza kama unataka kuonyesha dirisha moja au skrini nzima, na watu huchagua skrini nzima kwa haraka, halafu meseji ya "baba Aisha ada bado" inapita mbele ya kikao cha wafadhili. Chagua dirisha moja. Kwenye simu kuwa makini zaidi, kwa sababu meseji yenye namba ya uthibitisho ya benki inaweza kudondoka juu ya skrini wakati mnaangalia jambo jingine kabisa. Android 15 imeanza kuzificha meseji za aina hiyo unaposhea, lakini simu nyingi mitaani bado ni za matoleo ya nyuma. Na ukifungua programu ya benki kisha upande wa pili ukawa mweusi, usidhani bando limekata. Programu nyingi za fedha zimetengenezwa zisionekane kwa mtu mwingine, na zimefanya vizuri.

Kuhusu bando lenyewe, watu wanaogopa kupita kiasi. Kinachokula MB ni kamera. Skrini iliyotulia haibadiliki sana, kwa hiyo hakuna kingi cha kutuma. Kwa viwango vinavyotajwa na Zoom wenyewe, skrini peke yake inahitaji kilobiti 50 hadi 75 kwa sekunde na sauti 60 hadi 80; piga hesabu, saa nzima ni kama MB 50 hadi 70. Zima kamera. Hakuna anayehitaji kuniona nikinywa chai. Kwa siku kama ile ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota nchi nzima, hapo sina hila: tunarudi kwenye simu ya kawaida na kuulizana saa iko wapi.

Je, sichukui mausi kabisa? Nachukua. Ikiwa ni tarehe 20, ritani ya VAT haijatumwa, saa tano usiku imegonga na mhasibu mikono inamtetemeka, siwezi kumpa somo. Naomba ruhusa, namaliza, natoka, na kabla ya kukata simu namwambia aifute programu huku nikimsikia.

Lakini mahali nilipoona kanuni hii ikifanya kazi kuliko ofisi yoyote ni kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu. Nusu ya ndugu wako Dar, wengine Tanga, mjomba yuko Muscat, na mweka hazina, shangazi yetu, alikuwa akishea Excel ya michango kwenye Zoom ya bure, ile ya dakika 40, ambayo kwa kamati ya harusi ni baraka. Jumla ikawa ndogo kuliko ilivyopaswa. Minong'ono ikaanza. Nikamwambia, shikamoo shangazi, hebu shuka kwenye safu ya fedha. Baadhi ya tarakimu zilikuwa zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Zile za kushoto zilikuwa zimeandikwa "50,000/=", kama tunavyoandika kwenye daftari, na kwa Excel hayo ni maneno, hayajumlishwi. Mjomba akaomba apewe ruhusa arekebishe mstari wake mwenyewe. Shangazi akagoma. Alifuta zile alama moja baada ya nyingine, sote tukitazama, na jumla ikawa inapanda mbele ya macho yetu mpaka minong'ono ikaisha.

Kisha akafungua safu ya ahadi ambazo hazijalipwa, na ghafla mtandao ukaanza kuwasumbua ndugu kadhaa kwa wakati mmoja.