Kukiri na Maabara: Kipi Kinabeba Kesi ya Mauaji?

Upande wa mashtaka ukiwa na vinasaba (DNA) na pia maelezo ya mshtakiwa kukiri, wengi huona kesi imekwisha. Bado haijaisha. Lazima kwanza ijulikane kama kila ushahidi ulipatikana bila kubebwa na mwenzake.

Vinasaba humtaja mwenye navyo, lakini havisemi vilifikaje pale wala lini. Mwaka 2012 huko California, mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu, ilhali usiku ule alikuwa hospitalini, amelewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka ndio hao hao waliomhudumia marehemu baadaye. Luminoli, kemikali ya kutafutia mabaki ya damu, nayo hung'aa ikigusa damu, lakini hung'aa pia ikigusa dawa ya madoa yenye klorini, hivyo bila kipimo cha pili huwezi kuiita damu.

Hata hivyo, utetezi usiishie kutamka "uchafuzi", yaani kielelezo kuingiwa na kitu kisicho chake. Uonyeshe ni wapi: lakiri iliyokatika, sahihi inayokosekana kwenye fomu ya makabidhiano, siku ambazo kielelezo hakijulikani kilikuwa wapi. Na kidole kilichoacha alama kwa damu ya marehemu ni vigumu kukieleza kwamba kilipita pale wiki iliyotangulia.

Kwa upande wa kukiri, neno "nilimuua" peke yake ni jepesi. Uzito uko kwenye jambo ambalo polisi hawakulijua: kisu kilitupwa wapi, kisha kikapatikana hapo hapo. Kama mpelelezi alishamwonyesha picha za eneo la tukio, jambo hilo halina thamani tena. Kwa hiyo rekodi ya mahojiano ianze tangu swali la kwanza, siyo wakati wa kutia sahihi. Mfungwa anayedai mshtakiwa alimwambia siri mahabusu aulizwe ameahidiwa nini. Lakini kukana baadaye hakufuti maelezo. Wapo wanaokiri kweli, kisha wakaogopa adhabu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni maabara kusikia habari za kukiri. Katika utafiti wa Itiel Dror na wenzake wa 2006, wataalamu 5 walipewa alama za vidole walizowahi kuzilinganisha wenyewe na kusema zinafanana, safari hii wakidokezwa kwamba hazifanani. Wanne walibadili majibu. Basi kama barua ya kuomba uchunguzi ilitaja kwamba mshtakiwa amekiri, ulinganisho urudiwe na mtaalamu mwingine asiyejua lolote, kabla ripoti haijapokelewa kama kielelezo.