Steringi Aliyebembelezwa Astaafu

Jumamosi iliyopita niliketi sebuleni kwangu Mbagala kuitazama upya Rollerball, ile filamu ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Norman Jewison, nikainuka na kinyongo ambacho sikukitarajia. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja ya maana, na nilitoka ukumbini nikimhurumia steringi wake kana kwamba ni ndugu yangu wa kuzaliwa. Mara hii nimemwonea wivu karibu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulikiri mbele ya wajukuu, lakini nitalikiri hapa kwa kuwa wajukuu wenyewe hawasomi maandishi yanayozidi mistari minne.

Ili kinyongo changu kieleweke, lazima niwarudishe kwenye ile mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka 1988, ndani ya kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na paa la bati, na mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu kiasi kwamba sauti ya filamu haikusikika kabisa. Hilo halikutusumbua, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua Kiingereza cha kutosha kumfanya asumbuke. Kando ya televisheni alisimama bwana mmoja aliyevaa koti, mwenye kijiti mkononi, ambaye kazi yake ilikuwa kutufasiria mambo yote yanayosemwa, naye aliifanya kazi hiyo bila kusita na bila kukohoa, hata pale ambapo, kama nilivyokuja kugundua Jumamosi baada ya mjukuu wangu kuniwekea maandishi chini ya picha, alikuwa hajui lolote linaloendelea.

Kwa mujibu wa yule bwana, Jonathan, ambaye ndiye steringi wetu, alikuwa kijana maskini wa Marekani aliyeporwa mke na tajiri, kisha tajiri huyo akamtia katika mchezo wa mauti ili afe asije akadai haki yake. Kwa miaka zaidi ya thelathini mimi nimekuwa nikiwasimulia watu filamu hiyo, vijiweni na misibani, na sasa nasoma mwenyewe na kukuta kwamba Jonathan, anayechezwa na marehemu James Caan, si maskini hata kidogo. Huyu bwana ana nyumba pana porini yenye madirisha makubwa kuliko ukuta wangu mzima, ana farasi, ana mwanamke anayeletewa na shirika na kubadilishiwa shirika linapoona inafaa, na hakuna mahali popote katika filamu nzima ambapo anaonekana akinunua umeme.

Hapo ndipo kinyongo kilipoanza, kwa sababu dunia ya filamu hii imewekwa mwaka 2018, na mwaka 2018 mimi nilikuwapo, nilikuwa macho, nakumbuka hata mvua zake. Watengenezaji wa filamu walitabiri kwamba kufikia mwaka huo mataifa yatakuwa yamekwisha, vita vitakuwa vimekwisha, njaa itakuwa imekwisha, na dunia yote itagawanywa baina ya mashirika machache makubwa, moja la Nishati lenye makao Houston, jingine la Chakula, jingine la Makazi, jingine la Usafirishaji, na lipo hata la Starehe. Mkurugenzi wa lile la Nishati, mzee Bartholomew mwenye sauti ya kubembeleza kama mjomba anayetaka kukukopa, anaeleza kwamba shirika humpa mtu kila anachohitaji, nalo linachoomba kwake ni kitu kimoja tu, asiingilie maamuzi ya wakubwa. Mwaka 1975 watu walitakiwa watetemeke kwa kusikia hayo. Mimi nilipoyasoma Jumamosi, huku nimeshika feni ya mkono kwa sababu ile ya dari imegoma tangu Ramadhani, nilijikuta nikiuliza kwa sauti kubwa fomu ya kujiunga inapatikana wapi.

Naombeni mnielewe vizuri. Sikatai kwamba mashirika yalikuja, maana yalikuja kweli, na kila asubuhi kabla sijapiga mswaki yananitumia ujumbe unaoanza na maneno "Ndugu mteja". Wala maamuzi yao sijawahi kuyaingilia hata siku moja, kwa kuwa nikipiga simu napewa muziki dakika ishirini kisha inakatika. Kwa upande wangu basi mkataba wa Bartholomew nimeutimiza wote, tena kwa miaka mingi. Ninachotaka kujua ni kwa nini ule upande wa pili, wa chakula na nyumba na madirisha, haukuletwa. Tuliahidiwa ubaya wenye starehe ndani yake, nami nimepokea ubaya mkavu.

Kisha linakuja suala la kustaafu, ambalo ndilo kiini cha kisa chote na ndilo lililonichoma zaidi. Jonathan ameucheza mchezo ule kwa miaka kumi akiwa hai, jambo lisilo la kawaida, na watu wa dunia nzima wanaliimba jina lake. Wakubwa hawalipendi hilo hata kidogo, kwani mchezo ulibuniwa makusudi ili kuwaonyesha raia kwamba juhudi za mtu mmoja hazifiki popote, na sasa amezuka mtu mmoja ambaye juhudi zake zinafika. Basi wanamtaka astaafu. Wanamwandalia kipindi maalumu cha televisheni cha kumsifu, wanamwahidi maisha ya fahari, Bartholomew mwenyewe anamwita ofisini na kumbembeleza, na mwishowe wanamrudishia hata yule mke wake Ella, ambaye ni kweli alichukuliwa na kigogo mmoja wa shirika (hapo mfasiri wetu alipatia, Mungu amrehemu), ili aje amshawishi. Naye Jonathan anakataa! Mimi nilistaafishwa kwa barua yenye mistari mitatu, mmoja kati yake ukiwa na kosa la jina langu, nikapewa saa ya ukutani ambayo ilisimama kabla sijafika kituo cha daladala. Hakuna aliyenibembeleza. Ningebembelezwa kidogo tu, wallahi, ningeondoka mwaka mmoja kabla.

Nikiwa bado katika hasira hiyo, ikaingia sehemu ya karamu. Wakubwa wamekusanyika usiku katika jumba la kifahari, wamekunywa na kuvimbiwa, na alfajiri wanatoka nje wakiwa na magauni yao marefu na kuanza kuichoma misonobari kwa bastola inayorusha moto. Mti mmoja, mwingine, mwingine tena, yote mirefu na mizima, na kila unaposhika moto wanacheka kama watoto. Mke wangu, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, aliacha ungo akatazama kwa muda mrefu bila kupepesa macho.

"Baba Rehema," akasema, "hayo ni magunia mangapi ya mkaa?"

Tukahesabu pamoja. Tulipofika gunia la arobaini akasema tuache, asije akapandwa na presha.

Kuhusu mchezo wenyewe, niseme ukweli kwamba bado unatisha. Uwanja ni wa duara, umeinuka pembeni kama bakuli, na mpira wake ni wa chuma, unarushwa kwa mzinga ukizunguka ukingoni kwa kasi ya kuweza kumvunja mtu mguu. Wachezaji wengine wamevaa viatu vya magurudumu na glavu zenye vijino vya chuma, wengine wamepanda pikipiki, na wale wa viatu hushika nyuma ya pikipiki wakavutwa ili wapate mwendo. Mjukuu wangu alishangaa sana akauliza walifundishwa wapi kufanya hivyo. Nikamwambia asubiri Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, asimame pale njia panda, aangalie vijana wa baiskeli wanavyodandia malori, tena hao hawana kofia ngumu wala jezi ya rangi ya chungwa wala mashabiki. Picha hizo zilipigwa Munich, Ujerumani, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu wa Olimpiki ya mwaka 1972, na watu walioanguka walianguka kweli, ndiyo maana majina ya wale mabingwa wa kuanguka yaliandikwa mwishoni pamoja na ya waigizaji, heshima ambayo filamu za Hollywood hazikuwa na desturi ya kuitoa. Mimi nimeanguka kwenye daladala mara mbili, na jina langu halijaandikwa popote.

Mchezo unapofunguliwa hupigwa kinanda kikubwa, ile tokata ya Bach, mtunzi wa muziki wa zamani wa Kijerumani, na Mama Rehema aliposikia akauliza nani mkubwa amefariki. Kwa kweli swali lake halikuwa baya, kwa sababu kila mechi inazidi kuwa matanga kuliko iliyotangulia. Wakubwa wanaposhindwa kumstaafisha Jonathan kwa maneno, wanaamua kumstaafisha kwa kanuni. Dhidi ya Tokyo wanafuta adhabu na kupunguza wachezaji wa akiba. Dhidi ya New York, katika fainali, hakuna adhabu, hakuna mchezaji wa akiba, na hakuna muda wa kumaliza. Nilipoona hayo nikatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayejua, kwani ndivyo ilivyokuwa kwa kiinua mgongo changu. Kila nilipokamilisha nyaraka zilizotakiwa, kanuni ilikuwa imebadilika wiki iliyopita, na muda wa kumaliza hadi leo haujatajwa.

Jewison alisema wazi kwamba alitaka kuwaonya watu juu ya ukatili wa michezo na ulafi wa wanaoiendesha, lakini baada ya filamu kutoka walijitokeza watu waliotaka kuuanzisha mchezo huo kwa kweli, naye akachukizwa mno. Zamani nisingeamini. Jumamosi hiyo hiyo, hata hivyo, mpwa wangu aliyekuja kuomba nauli aliketi dakika tano, akauona mpira wa chuma ukimzimisha mtu, na swali lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza kama yule mtu amekufa, lilikuwa kwamba mchezo huo unawekwa kwenye mkeka wa kubeti wa kampuni gani.

Rafiki mpenzi wa Jonathan, anayeitwa Moonpie, anapigwa kule Tokyo hadi ubongo wake unalala, na daktari anamtaka Jonathan atie saini ili mgonjwa aachwe afe. Jonathan anakataa. Daktari anasema kuna kanuni, Jonathan anajibu kwamba hakuna. Nilistaajabu kuisoma sehemu hiyo, kwa sababu mwaka 1988 mfasiri alituambia kwamba daktari anadai pesa ya kitanda, na kibanda kizima kiliguna kwa pamoja, watu wazima wakipeana mikono gizani, wala hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Lakini siwezi kumlaumu yule bwana kwa yote. Jonathan anapotaka kujua nani hasa anayeamua mambo, anasafiri hadi Geneva kwenye maktaba kuu, ambako vitabu vyote vimehamishiwa katika kompyuta iitwayo Zero, mtambo mkubwa ambao kumbukumbu zake zinaelea ndani ya maji. Mfasiri alituambia kwamba steringi amekwenda Uswisi kwa mganga kuuliza mbaya wake ni nani, kwamba mganga ana mtungi wa maji unaotoa mapovu, na kwamba mtungi umefungwa na wachawi wenye nguvu kumshinda. Nimetazama upya kwa makini, kwa maandishi na kwa miwani. Mzee wa maktaba anauliza, mtungi unatoa mapovu, unazungusha maneno yasiyo na kichwa wala miguu, mzee anaubembeleza, anaughadhibikia, anaupiga teke, na Jonathan anarudi nyumbani hajui kitu. Tafsiri ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Mzee huyo wa maktaba nampenda. Anakiri bila kuficha kwamba mtambo umepoteza karne nzima ya kumi na tatu, na anaona hasara si kubwa sana, kwani alikuwamo mshairi Dante na mapapa wachache wala rushwa. Jalada langu la utumishi limepoteza miaka minne, 1989 hadi 1993, na karani aliyelishika hakuniambia hata pole. Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyeila.

Fainali tuliitazama familia nzima, maana hata Mama Rehema alikuwa amesahau mchele. Uwanja unawaka moto, wachezaji wamelala huku na huko, pikipiki zimepinduka, na anabaki Jonathan peke yake na wapinzani wawili. Mmoja anakufa. Wa mwisho yuko chini, Jonathan ameuinua mpira wa chuma juu ya uso wake, halafu hampigi. Anajikokota hadi golini, anauingiza, moja bila, na anaanza kuzunguka uwanja taratibu huku watu wakiliita jina lake, polepole, kisha kwa kelele, na Bartholomew anatafuta mlango wa kutokea. Jonathan anakuja kwa kasi kuelekea kwetu, na picha ikaganda.

Nikachukua rimoti nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikampigia kelele mjukuu kwamba bando limekwisha, nikainuka nikaipiga televisheni ubavuni, kama mwenye kibanda alivyoipiga deki yake mwaka 1988 pale pale, kwenye picha ile ile, tukasema kanda imekwama na tukadai kiingilio chetu, shilingi ishirini, ambazo hatukurudishiwa.

"Babu, imeisha," akasema mjukuu. "Inaishia hapo."

Nikakaa kimya. Usiku ule wa kibandani, kwa kuogopa fujo, yule bwana wa koti alipanda juu ya benchi akatumalizia mwenyewe, akasema kwamba Jonathan alipanda ngazi hadi alipoketi tajiri, akampiga kibao kimoja tu, akamshika mkewe mkono, wakapanda basi la usiku hadi kijijini kwao wakaanza kulima. Tukampigia makofi hadi mvua ikasikika kwa mbali. Nikamwambia mjukuu azime, kisha nikawasimulia mwisho wenyewe.

"Na hilo shamba," Mama Rehema akauliza, akiurudia ungo wake, "lilikuwa ekari ngapi?"

"Tatu," nikamwambia. "Na lina hati."