Siku ya tatu mpe jembe

Mara ya kwanza kuingia sinagogi nilishika kitabu cha sala juu chini. Ilikuwa Ijumaa jioni, kilimani Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, Uganda. Mzee niliyekaa naye hakucheka wala hakuniuliza dini yangu. Alikigeuza, akakifungua upande ambao mimi ningeuita wa nyuma, maana Kiebrania husomwa kutoka kulia, akaweka kidole kwenye mstari. Kila walipohamia ukurasa mwingine, kidole kilikuja. Neno "karibu" sikulisikia mara nyingi usiku ule, lakini sikumbuki pengine nilipokaribishwa vile.

Kidole kile kimenirudia juzi, rafiki yangu aliponipigia simu kutoka ng'ambo anakosoma. Ni Myahudi, ni Mwafrika. Anasali sinagogi moja huko mwezi wa nane sasa, na bado mlinzi wa getini humsimamisha yeye tu. Akishapita, watu wema kabisa humwuliza, Sabato baada ya Sabato: "Na wewe ulipataje kuwa Myahudi?"

Mlinzi namwelewa. Pittsburgh, Marekani, Oktoba 2018, watu 11 waliuawa ndani ya sinagogi. Na sisi Wakenya hatujasahau Kikambala 2002, hoteli ya Waisraeli iliposhambuliwa kwa bomu. Geti la sinagogi haliwezi kuachwa wazi kama la sokoni. Lakini miezi minane! Si wangemweka muumini mmoja hapo kando ya mlinzi, anayezijua sura za watu?

Lile swali la ndani ndilo linaloniudhi. Talmudi yenyewe, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, inakataza kumkumbusha mwongofu alikotoka, na Torati haichoki kuwaambia Waisraeli kwamba nao walikuwa wageni Misri. Anayeuliza hana nia mbaya, najua. Ila kuulizwa kila wiki ulifikaje ni kuambiwa kila wiki kwamba bado uko njiani.

Abayudaya, ndio Wayahudi hao wa Mbale, wanalijua swali hilo kuliko mtu yeyote. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza, alitahiriwa mwaka 1919 akajitangaza Myahudi, na wafuasi wake pamoja naye. Idi Amin akaja akapiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walikubali kupitia taratibu za uongofu mbele ya marabi waliotoka nje, ingawa wengine walikuwa wajukuu wa watu waliokwisha kushika Sabato. Gershom Sizomu alipata urabi Marekani mwaka 2008, akarudi nyumbani.

Wangeweza kujifungia. Badala yake shule zao husomesha watoto Wakristo na Waislamu, na mwaka 2004 wakulima wa dini zote tatu waliunda ushirika wa kahawa wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hawakubaliani kwa yote: Nabugoye wanawake na wanaume hukaa pamoja, na Putti, si mbali na hapo, wanafuata mila kali zaidi ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaume kando na wanawake kando. Sawa tu. Simwombi mtu abadilishe sheria yake ya nani ahesabiwe katika wale watu kumi wanaotakiwa ili ibada ya pamoja ikamilike.

Ninachoomba ni jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi hulitumia neno hilo kuwasuta wageni wavivu. Mimi nalisoma upande wa pili: asiyepewa jembe hajawa wa nyumbani. Rafiki yangu hajawahi kuitwa mbele Torati inaposomwa, hajaombwa hata kupanga viti. Anatabasamiwa tu.

Mimi kule Mbale hawakuningoja hata hiyo siku ya tatu. Jumamosi, ibada ilipokwisha, mama mmoja alinikabidhi sinia la ndizi bila kuniuliza jina. "Anzia kwa wazee," akasema, akageukia chai yake.