Faili la Askari Likikosewa, wa Kulirekebisha ni Ofisi

Ami yangu alikwenda Namibia mwaka 1989 na kikosi cha Kenya, kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa kichwani. Faili lake la jeshi linasema hakwenda. Kwenye karatasi aliyopewa siku ya kustaafu, mahali pa kuandika utumishi wa nje ya nchi pamepigwa kistari kwa mashine ya chapa, na chini yake imetajwa nishani moja tu, ile ya utumishi wa miaka mingi na mwenendo mwema. Ya Umoja wa Mataifa haimo.

Si yeye peke yake. Huku kwetu Likoni na Mtongwe, Mombasa, penye kambi ya jeshi la wanamaji, wastaafu wa jeshi ni wengi, wa majini na wa nchi kavu. Keti nao barazani baada ya Alasiri utayasikia. Huyu jina la babake liliandikwa kabla ya lake. Yule alizaliwa mwaka mmoja kwa mujibu wa kitambulisho na mwaka mwingine kwa mujibu wa jeshi. Kuna mjane ambaye miaka ya mumewe jeshini ilihesabiwa pungufu, na pensheni ikahesabiwa kwa miaka hiyo hiyo pungufu. Wote wameambiwa neno moja: lete ushahidi.

Hapo ndipo ninapopinga. Aliyeandika faili ni ofisi, anayelitunza ni ofisi, na likiwa na kosa, kazi ya kutafuta ukweli ni ya ofisi. Mzee hakuwahi kulishika faili hilo mkononi mwake hata siku moja.

Tuangalie kwanza kosa lenyewe huzaliwaje. Majeshi yaliyorithi taratibu za Waingereza, letu likiwamo, huandika mambo ya askari kupitia maagizo ya kila siku ya kikosi, sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ni ya zamu na mazoezi. Ya pili ndiyo maisha ya mtu: kaoa, kapata mtoto, kahamishwa, kalazwa hospitali, kapandishwa cheo, katumwa ng'ambo. Karani wa kikosi anaandika, afisa anatia sahihi, nakala inapelekwa kwenye ofisi ya kumbukumbu, na huko karani mwingine anahamishia mstari ule kwenye faili la mhusika. Mstari mmoja unapita mikono minne au mitano. Nakala ikipotea njiani, au karani akaruka mstari, askari aliyevuka mpaka na bunduki yake anabaki kwenye karatasi kama mtu ambaye hakutoka kambini.

Hatari huongezeka kikosi kinapokusanywa kwa ajili ya kazi maalumu, maana watu huazimwa kutoka vikosi tofauti. Ami aliazimwa. Kikosi chake cha asili kilijua ameondoka, kikosi cha Namibia kilijua amefika, na hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kuipeleka habari hiyo kwenye kumbukumbu. Kisha akaugua akarudishwa nyumbani mapema. Siku 90 zinazotakiwa ili kustahili nishani ya ujumbe ule wa amani wa Umoja wa Mataifa alikuwa amezipita, lakini gwaride la kuvishwa lilifanyika yeye hayupo. Wenzake walirudi na nishani vifuani. Yeye alirudi na kadi ya hospitali.

Na majina! Sisi watu wa Pwani tunaumia zaidi hapa. Mwinyihaji anaandikwa Mwinyi Haji, na mtu mmoja anakuwa na majina mawili. Athumani, Othman na Uthman ni mtu yule yule kwa makarani watatu. Mgiriama au Mdigo aliyepewa jina la babu yake anajikuta amechanganywa na binamu yake waliyeandikishwa naye pamoja, kwa kuwa wote wawili wana jina la babu huyo. Kuruta wa miaka 18 aliyesimama mbele ya meza ya kuandikishwa hakuwa na ubavu wa kumwambia afande kwamba herufi si hiyo. Alijibu "Ndiyo afande" na maisha yakaendelea, mpaka siku ya kudai haki.

Tulipokwenda kuuliza, ofisa wa mapokezi katika ofisi moja alikuwa mpole. Alimwamkia mzee kwa heshima, "Shikamoo mzee," akamvutia kiti. Kisha akasema, "Mzee, leta ile barua iliyokutuma Namibia." Ami akamtazama. "Mwanangu," akamwambia, "barua ya jeshi haikai kwa askari. Inakaa kwenu." Kijana hakuwa na la kujibu, wala simlaumu, maana ndivyo alivyofundishwa kuuliza. Lakini jambo lenyewe ni zito: mwananchi anatakiwa atoe kwenye mfuko wake karatasi iliyomo kabatini mwa yule anayemdai karatasi hiyo.

Wengi hawajui kwamba sheria yetu imeshalikata suala hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ibara ya pili ya kifungu hicho inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Tena inasema kuwa habari za mtu zilizopitwa na wakati, zenye makosa au zisizokamilika, ofisi inayozishika itazirekebisha kwa gharama yake yenyewe. Kwa gharama yake. Si ya mzee anayelipa nauli ya matatu mpaka mjini, wakili wa hati ya kiapo, na nauli ya kilomita karibu 480 hadi Nairobi ili akaambiwe arudi wiki ijayo.

Najua hoja itakayoletwa: mambo ya jeshi ni siri. Siri za ulinzi wa taifa zilindwe, nakubali kwa moyo mmoja. Ila kwamba kikosi cha Kenya kilikuwa Namibia si siri. Kilikuwa miongoni mwa vikosi vitatu vya askari wa miguu vya ujumbe ule, pamoja na vya Finland na Malaysia, na Mkenya, Jenerali Daniel Opande, alikuwa naibu wa kamanda wa majeshi. Dunia nzima iliwaona wakisimamia amani mpaka Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Kumjulisha mtu mahali alikopelekwa yeye mwenyewe hakuvujishi chochote.

Hoja ya pili ni ya wadanganyifu: tukilegeza, kila mtu atadai nishani. Hii nayo ina uzito, maana wapo wanaojivika wasichokistahili, na hao ndio wanaomuumiza zaidi askari wa kweli. Dawa yake ni kuchunguza. Kufunga mlango si kuchunguza. Ushahidi upo ukitafutwa na mwenye uwezo wa kuutafuta: orodha za abiria wa ndege za jeshi, vitabu vya posho, rejista za hospitali ya kambi, orodha zilizobaki Umoja wa Mataifa. Ami mwenyewe ana kadi yake ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Imechakaa kwenye mikunjo, muhuri wa 1989 bado unasomeka, na nambari yake ya jeshi imeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino. Jeshi halimchanji askari wa kubaki kambini kwa safari ya ng'ambo. Wapo pia wenzake watatu walio hai, wenye nambari zao na nishani zao, walio tayari kuapa kwamba walilala naye hema moja. Mahakama zetu hukubali ushuhuda wa namna hiyo katika kesi za mauaji. Kwa nini usitoshe kwa nishani?

Wamarekani walilitatua suala hili kwa kuunda chombo. Tangu 1946 sheria yao inaruhusu bodi za kiraia zenye uwezo wa kubadilisha kumbukumbu za kijeshi palipo na kosa au dhuluma. Askari anaweza kuomba, na akifa, mjane au mrithi wake anaweza pia. Kuna muda wa miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi inaweza kuusamehe ikiona haki inataka hivyo. Na Julai 1973, moto ulipounguza jengo la kumbukumbu kule St. Louis na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18, wastaafu hawakuambiwa basi, yamekwisha. Watunza kumbukumbu walianza kuyajenga upya mafaili kwa hati za mishahara na taarifa za vikosi zilizokuwa zimehifadhiwa kwingine. Sisi hatukuunguliwa na jengo. Karatasi zetu zipo, zinahitaji mtu wa kufungua boksi.

Mombasa inapaswa kulijua hili kuliko mji wowote wa Kenya. Ni kutoka Kilindini ambako meli ya Khedive Ismail iliondoka Februari 1944 kuelekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakipitishwa bandarini hapa walikwenda kupigana Madagaska na Burma. Waliorudi, wengi hawakuambiwa kwamba kuna nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko, na kwamba ni lazima mtu aiombe ndipo apewe. Waliozipata walipewa nyota zisizochongwa jina, kwa hiyo mjukuu akiikuta leo kwenye sanduku hawezi kuonyesha ni ya nani.

Wale wa vita vya kabla ya hivyo walifanyiwa vibaya zaidi. Pale Barabara ya Jomo Kenyatta tuna sanamu za maaskari wa vita vya 1914 hadi 1918. Tunawapita kila siku, na hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo, na hakubaki hata mwenzao mmoja wa kusikia radhi hiyo. Mkoloni aliwaona watu wetu kama idadi, tukamlaani kwa haki. Sasa serikali ni yetu, makarani ni watoto wetu, na wazee hawa bado wanaishi.

Ninachodai kinawezekana. Tangu 2022 tunayo sheria ya wanajeshi wastaafu. Chini yake Wizara ya Ulinzi iunde jopo la kurekebisha kumbukumbu, lenye wanasheria na wastaafu ndani yake, na lije kusikiliza watu Mombasa, Eldoret na Nanyuki badala ya kuwavuta wazee wote Nairobi. Anayeomba asidaiwe karatasi ambayo kwa utaratibu inatakiwa kuwa jeshini. Wajane wasikilizwe kwanza, kwa kuwa kwao kosa la faili ni chakula cha watoto. Anayethibitishwa avishwe nishani yake hadharani tarehe 14 Oktoba, siku ya jeshi letu, mbele ya askari vijana na wajukuu zake, asiipokee kwa kutia sahihi dirishani kama mzigo uliotumwa kwa basi.

Ombi la ami tumeliandika kwa kutaja kifungu cha 35 na sheria ya 2016, tukaambatisha nakala ya kadi ya njano na viapo vya wale wenzake watatu, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, yenye mamlaka ya kusimamia sheria hiyo. Kama nawe ulikuwa Namibia na kikosi chetu na faili lako limenyamaza, au mzee wako alikuwepo, andikeni ombi lenu sasa. Tafuteni kadi za chanjo, picha zenye tarehe nyuma na barua mlizoandikiana na nyumbani. Toeni nakala, asili zibaki kwenu, na msiondoke dirishani bila muhuri.